Tustroku kwenye njia za shamba Pemba: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Napanda Yamaha DT 125 ya zamani, injini ya mipigo miwili, na sipiti Chake wala Konde bila ya mtu kunisimamisha. Mmoja atauliza mbona inatoa moshi, mwengine anayo kama hiyo imelala uani tangu enzi za marehemu baba yake na anataka kuifufua, wa tatu anataka tu kujua ninaiuza kiasi gani. Haiuzwi. Hayo mengine nimeyakusanya hapa. Mimi si fundi wa cheti, ni mtu wa kupita njia za shamba ambaye ameshaharibu vitu vya kutosha kwa mikono yake mwenyewe.

Tustroku ni kitu gani hasa? Si pikipiki kama nyengine?

Pikipiki nyingi za bodaboda, Boxer na wenziwe, ni za mipigo minne: pistoni hupanda na kushuka mara 2 ndipo mafuta yaungue mara 1. Tustroku huunguza kila pistoni inapofika juu. Haina vali kichwani. Kuna matundu ubavuni mwa silinda, na pistoni yenyewe huyafungua na kuyaziba inapopita. Ikipanda, chini yake huvuta hewa na petroli kuingia kwenye nyumba ya krenki, yaani chumba kilicho chini ya pistoni. Ikishuka, husukuma mchanganyiko huo uende juu, na moshi wa zamani hutolewa papo hapo. Ndiyo maana injini ni nyepesi, ina vitu vichache ndani, na kwa cc zilezile huwa na nguvu kuliko ya mipigo minne.

Sasa sikiliza hapa. Kwa kuwa petroli inapita kwenye nyumba ya krenki, pale hapawezi kukaa oili. Oili ya beringi, ya pistoni na ya ringi (pete zinazoizunguka pistoni) inakuja pamoja na petroli, inafanya kazi yake, inaungua, inatoka kwa ekzosi. Ikikosekana kwa dakika chache, huna injini. Karibu kila jibu lililo chini linarudi kwenye jambo hili.

Huku kwetu zipo kweli?

Zipo zaidi ya watu wanavyodhani, ila nyingi zimelala. DT 125, DT 175, Suzuki TS 185, AG 100 za mabwana shamba na watu wa miradi. Yamaha walianza ukoo huu wa DT mwaka 1968 na DT-1 ya cc 250, pikipiki ya kwenda barabarani na porini kwa pamoja, na umbo lake halijabadilika sana: tairi la mbele kubwa, matope hayafikii injini upesi, siti ndefu.

Na tusisahau Vespa za wazee wa Mjini, Unguja. Zile za zamani ni tustroku, na wazee walikuwa wakitia oili asilimia 2 bila ya kuuliza mtu. Asilimia 2 ni sawasawa na 50 kwa 1 tunayoizungumza leo, yaani petroli sehemu 50 kwa oili sehemu 1. Siku hizi ujuzi huo umehamia pwani: ukitaka mtu wa kukuonesha kuchanganya mafuta, mtafute mvuvi mwenye mashine ya boti ya kizamani. Lakini oili yake usiichukue. Sababu inakuja.

Nichanganye oili kiasi gani kwa lita?

Kwanza angalia kitabu cha pikipiki au kibandiko kwenye tangi. Kama huna, hesabu ni hizi: 50 kwa 1 ni mililita 20 kwa kila lita ya petroli, 40 kwa 1 ni mililita 25, 32 kwa 1 ni mililita 31. Kwa lita 5, basi, ni mililita 100, 125 au 156. Mimi natumia 40 kwa 1 kwa injini yangu ya kupozwa kwa upepo, kwa sababu njia zetu ni za mwendo mdogo, vilima vingi na joto jingi. Injini mpya au iliyotiwa pistoni mpya naipa 32 kwa 1 kwa matangi mawili ya mwanzo.

Usipime kwa kifuniko cha chupa. Kila chupa ina kifuniko chake, na nimeona mtu akipima kwa kifuniko cha soda kisha akishangaa. Nunua bomba la sindano la mililita 50 au 60 duka la dawa, liweke kwenye mfuko wa spana, hapo hesabu imekwisha. Tia petroli nusu kwenye dumu, tia oili yote, tikisa, tia petroli iliyobaki, tikisa tena. Usimimine oili moja kwa moja kwenye tangi tupu: itashuka chini, itakaa kwenye koki ya petroli, na pikipiki itakunywa oili tupu kwanza halafu petroli tupu.

Nikizidisha oili si ndiyo salama zaidi?

Hapana, na hili wengi hulikataa mpaka liwafike. Ukizidisha, plagi inalowa, ekzosi inatoa uji mweusi, kaboni inajaa kwenye tundu la kutolea moshi. Tena kuna jengine. Jeti ya kabureta, yaani kile kitundu cha kupitishia petroli, hupitisha kiasi kilekile cha majimaji. Kila oili inavyozidi, petroli inapungua ndani yake, na moto unakuwa mkavu. Mtu anadhani anailinda injini kumbe anaikausha.

Oili ya mashine ya boti je? Inauzwa kila mahali na bei yake nafuu.

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, kwa sababu kisiwani ni rahisi kupata oili ya boti kuliko ya pikipiki. Angalia herufi kwenye galoni. Ikiwa imeandikwa TC-W3, hiyo ni ya mashine ya boti. Mashine ya boti inapozwa kwa maji ya bahari saa zote, silinda yake haipati joto kama la DT inayopanda kilima cha Kengeja kwa gia ya kwanza huku upepo hakuna. Oili ile imetengenezwa bila ya viungo vya madini vinavyosafisha pistoni kwenye joto kali. Kwenye pikipiki ya kupozwa kwa upepo, ringi zinaanza kunata, kisha zinakwama kwenye mifereji yake.

Unachotafuta ni JASO FC au JASO FD. Hayo ni madaraja ya Kijapani: FB ya chini, FC ya moshi mdogo, FD inayosafisha zaidi. Kwenye chupa za Ulaya utaona ISO EGC au EGD, ambazo zinalingana na FC na FD. Oili ya msumeno wa moto, ule wa kukatia miti, pia ni ya injini ya kupozwa kwa upepo, na iliyoandikwa FD nimeitumia nilipokwama bila ya shida. Oili ya injini ya gari, ya mipigo minne, kamwe.

Na ukiwa umekwama Micheweni saa kumi na mbili jioni na kilichopo ni oili ya boti tu? Tia, endesha polepole, fika nyumbani. Mbaya ni bora kuliko hakuna. Ila usiifanye mazoea.

Pikipiki yangu ina tangi lake la oili pembeni. Bado nichanganye?

Kama pampu inafanya kazi, hapana. Yamaha walileta mfumo huo wa Autolube mwaka 1964: pampu ndogo inavuta oili na kuitia kwenye njia ya hewa kwa kadiri unavyovuta mafuta. Ni kitu kizuri, na huokoa oili kuliko kuchanganya kwa mkono.

Lakini usiamini kwa kuangalia tangi tu. Nilipoinunua yangu, tangi la oili lilikuwa limejaa, na siku mbili zote nilizozunguka nayo oili haikushuka hata unywele. Nikaona ni sifa ya pikipiki. Kumbe mwenyewe wa mwanzo alishaifunga pampu, mrija ameuziba kwa boliti, na alikuwa akichanganya mafuta kwa mkono; hakuniambia, wala mimi sikuuliza. Siku mbili zile nilikuwa nikitumia mchanganyiko wake uliobaki tangini. Siku ya tatu nikajaza petroli tupu Konde, nikaelekea Kigomasha. Nilisikia mlio umebadilika, kama mtu anayesaga mchanga, nguvu ikapotea, na gurudumu la nyuma likashika ghafla. Namshukuru Mungu vidole vyangu vilikuwa kwenye klachi. Pikipiki ilirudi Konde juu ya gari la ng'ombe, na ng'ombe mwenyewe alikuwa hana haraka.

Kwa hiyo ukinunua: toa kifuniko cha pampu, angalia kama waya wake unasogea unapovuta mafuta, na angalia kama mrija una oili isiyo na mapovu. Ukiona shaka, changanya kwa mkono huku pampu inafanya kazi kwa tangi moja. Itatoa moshi mwingi, haitakufa. Na ukiamua kuifunga pampu moja kwa moja, basi andika kwa rangi kwenye tangi la petroli CHANGANYA, ili atakayeinunua kwako asipande gari la ng'ombe.

Mafuta yaliyochanganywa yanakaa muda gani?

Mwezi mmoja kwenye dumu lililofungwa vizuri, kivulini. Zaidi ya hapo sipendi. Petroli ya kwenye chupa za vijijini naichuja kwa kitambaa safi kwanza, na chupa iliyokuwa juani mchana kutwa naiacha.

Kupiga kiki mpaka mguu unauma na haiwaki. Nifanye nini?

Ikiwa baridi: fungua koki, vuta choki, usivute mafuta kabisa, piga kiki mbili tatu za nguvu mpaka chini. Ikishika, subiri kidogo, rudisha choki. Ikiwa moto: bila choki, vuta mafuta kidogo tu.

Ikikataa, usiendelee kupiga kiki kwa hasira. Toa plagi. Ikiwa imelowa petroli, injini imezama: funga koki, vuta mafuta mpaka mwisho, piga kiki kumi bila ya plagi, kausha plagi au weka nyengine, jaribu tena. Ikiwa plagi ni kavu, petroli haifiki: angalia koki, tundu la hewa la kifuniko cha tangi (huziba kwa matope), kisha jeti. Ikiwa petroli ipo na plagi haina moto, weka mpya kabla ya kumlaumu mtu yeyote. Mara nyingi sana ni hiyo plagi.

Halafu ikiwaka, mpe dakika mbili tatu. Pistoni ni ya alumini na hutanuka upesi kuliko silinda ya chuma. Ukiiwasha na papo hapo ukaivuta mpaka mwisho kwa ajili ya kuwaonesha watoto waliokusanyika, pistoni inatanuka silinda bado ni baridi, na huko ndiko inakoshika.

Rangi ya plagi inaonesha nini?

Kahawia, kama chai ya maziwa iliyokolea: sawa. Nyeusi na imelowa: petroli au oili imezidi, au filta imeziba. Nyeusi kavu kama masizi: petroli imezidi. Nyeupe au kijivu chepesi: simama hapo hapo, injini inapata hewa nyingi na inaungua. Soma baada ya kupanda kilima kwa nguvu kisha kuzima palepale, si baada ya kushuka taratibu mpaka nyumbani. Nafasi ya plagi huwa milimita 0.6 mpaka 0.7. Kwa plagi za NGK, namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi; wengine hufikiri ni kinyume.

Pikipiki iliyotoka nchi ya baridi mara nyingi huwa na petroli nyingi kidogo ikifika huku, maana hewa yetu ya joto na unyevu ni nyepesi. Jeti kubwa ikipunguzwa hatua moja hutosha. Usiruke hatua mbili.

Njia gani za Pemba zinafaa?

Inategemea umezowea nini, na umepata idhini gani.

Kusini, Mtambile na Kengeja, ni vilima na mabonde: udongo mwekundu, mizizi ya mikarafuu, mashimo yaliyochongwa na magari ya ng'ombe. Hapa ndipo utajifunza klachi. Mashariki, Micheweni kwenda Kiuyu, ni mawe ya matumbawe, makali kama wembe; njia ni tambarare lakini mipira inateseka. Kwenda Ras Mkumbuu kupitia Ndagoni ni rasi ndefu nyembamba, bahari huku na huku, na mwisho wake magofu ya mji wa kale. Magofu unayaendea kwa miguu. Kaskazini, kutoka Konde mpaka mnara wa taa wa Kigomasha, barabara inakatisha msitu wa Ngezi.

Ngezi ni hifadhi. Barabara inapita katikati, nawe pita barabarani, kwa mlio wa chini, basi. Vijia vya ndani si vyetu. Popo wa Pemba, wale wakubwa wasiopatikana pengine popote duniani, hulala mchana mitini, na tustroku iliyotobolewa ekzosi ni adhabu kwa kiumbe chochote chenye masikio.

Njia nyingi tunazoziita njia za porini, kwa kweli ni ua wa mtu, konde la muhogo la mtu, au kaburi la babu wa mtu. Ukimkuta mzee, zima injini kabisa, shikamoo, kisha omba njia. Sijawahi kukataliwa nikiwa nimezima injini. Niliyowahi kukataliwa ni mara niliposalimu juu ya mngurumo.

Msimu wa karafuu uangalie zaidi. Karafuu zinaanikwa juu ya majamvi kando ya njia, nyengine njiani kabisa. Vumbi na tope la tairi lako likiangukia jamvi la mtu, umemharibia kazi ya siku nyingi ya kupanda mti. Shuka, sukuma. Na pwani ni hivyohivyo kwa mwani: akina mama wanauanika mchangani, na kamba na vigingi vyao huonekana maji yakitoka.

Nini hasa kinaangusha watu kwenye njia hizi?

Si mwendo kasi. Ni kamba. Ng'ombe amefungwa upande huu, amevuka kula upande wa pili, kamba imekaa njiani usawa wa kifua cha aliyekaa kwenye siti, na rangi yake ni ya majani makavu. Ukimwona ng'ombe au mbuzi kando ya njia, tafuta kigingi chake kwanza kwa macho.

Pili ni mvua ya mwanzo. Masika, mwezi wa 3 mpaka wa 5, kila mtu anajua njia ni tope na anakwenda kwa adabu. Hatari ni ile mvua ndogo ya kwanza baada ya ukavu: udongo mwekundu unalowa juu tu, chini ni mgumu, na unakuwa kama sahani iliyopakwa samli. Hapo breki ya mbele iguse kwa kidole kimoja.

Tatu ni nazi na makuti yaliyoanguka. Kuti huingia kwenye spoku.

Niendesheje, nikae au nisimame?

Simama. Miguu kwenye vikanyagio, magoti yabane tangi, viwiko nje kidogo, macho yaangalie mbali unakotaka kwenda. Ukiangalia shimo utaingia shimoni. Kukaa ni kwa kona kali na kwa kuchoka.

Tustroku ina tabia yake: mzunguko ukiwa chini inasinzia, ukifika mahali fulani nguvu inakuja yote kwa mkupuo. Kwenye kilima chenye mizizi usingoje mkupuo huo ukufike katikati. Ingia na gia ya pili, mzunguko wa kati, na uchezee klachi kwa vidole viwili. Vidole hivyo visiondoke kwenye klachi safari nzima, kwa sababu niliyokwishaeleza.

Kushuka kilima kirefu ni somo la peke yake. Kwanza, injini hii haikuzuii kama ya mipigo minne, kwa hiyo breki zako ziwe nzima. Pili, kama mafuta yako ni ya kuchanganya, ukifunga mafuta kabisa huku gia inazungusha injini kwa kasi, petroli haiingii, na oili nayo haiingii. Injini inazunguka kavu. Fungua mafuta kidogo kila baada ya muda, au bana klachi uiache ipumue kwa mzunguko wa chini.

Tairi nitie upepo kiasi gani?

Njia ya udongo na mizizi, psi 12 mpaka 15. Kwenye matumbawe ya Micheweni natia 20, maana tairi laini linabanwa baina ya jiwe na rimu na tyubu inatoboka mahali pawili, kama aliyeumwa na nyoka. Mchangani punguza, kisha ujaze tena. Beba pampu ya baskeli, inatosha.

Filta ya hewa nisafishe kila baada ya muda gani?

Kila baada ya safari ya vumbi. Si kila mwezi. Hewa yenye vumbi inapita kwenye beringi za krenki kabla hata ya kufika kwenye pistoni, kwa hiyo mchanga unasaga kila kitu njiani.

Filta ya sponji ifue kwa maji na sabuni, ikamue bila ya kuisokota, ikauke kivulini, kisha ipake oili na uikamue mpaka ibaki imelowa sawasawa bila ya kudondosha. Petroli inaila gundi ya sponji, usiitumie. Filta kavu, isiyopakwa oili, inapitisha vumbi laini kama haipo. Paka grisi kwenye ukingo wake pia. Na ukiona panya ameingia kwenye sanduku la filta, hushangai peke yako.

Nimevuka maji, imezima. Niendelee kupiga kiki?

La! Usiguse kiki. Maji hayabaniki, ukilazimisha unapinda konrodi, ule mkono wa pistoni. Funga koki, toa plagi, toa filta uikamue, fungua boliti ya chini ya kabureta umwage kilichomo. Ilaze pikipiki ubavuni au inua gurudumu la mbele maji yatoke kwa ekzosi. Sasa, plagi ikiwa nje, piga kiki polepole mpaka lisitoke tena tone. Rudisha vitu, washa, na siku hiyohiyo angalia oili ya giaboksi. Ikiwa imekuwa nyeupe kama tui, maji yameingia: mwaga, tia mpya, endesha kidogo, mwaga tena.

Giaboksi ina oili yake mbali na ile ya kuchanganya, na klachi huogelea humo. Tia oili inayofaa klachi inayokaa ndani ya oili, iliyoandikwa JASO MA. Ikipungua bila ya kuvuja chini, huku ekzosi ikitoa moshi mweupe mzito usiokwisha, sili ya krenki ya upande wa klachi imekufa na injini inainywa. Sili ya upande wa pili, wa sumaku, ikifa haitoi moshi. Inaingiza hewa, mzunguko unapanda wenyewe na plagi inakuwa nyeupe. Hiyo ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu pikipiki inaonekana kama imepata nguvu mpya.

Niliikimbiza ufukweni. Kuna dawa?

Maji matamu, leo, si kesho. Mwagia chini ya madigadi, kwenye spoku, kwenye mnyororo, kwenye radieta kama inayo. Usielekeze maji ya nguvu kwenye beringi za magurudumu. Kausha, paka mnyororo oili, paka grisi viungio vya waya za umeme. Chumvi inakula alumini ya kabureta kimyakimya na kuacha unga mweupe unaoziba jeti ndogo. Na hata ukiwa hupandi ufukweni, ukikaa karibu na bahari, kaskazi ikivuma kila kitu kinapata chumvi yake.

Mnyororo uchezee sentimita 3 mpaka 4 ukiwa umekaa juu ya pikipiki. Ukiukaza kama uzi wa gambusi utakula beringi ya giaboksi.

Nitajuaje kama pistoni na ringi zimechoka?

Kiki inakuwa nyepesi. Pikipiki inawaka kwa kusukumwa tu. Kilima ulichokuwa ukikipanda kwa gia ya tatu sasa unataka ya pili. Kuna mlio wa kugonga mkavu injini ikiwa baridi.

Uzuri wake ni huu: kichwa kinatoka kwa nati chache, silinda inanyanyuka, na kwa asubuhi moja unaiona pistoni mkononi. Mikwaruzo myembamba unaweza kuipitisha kidole usiisikie. Ukiisikia kwa ukucha, silinda ikachongwe. Pistoni za kuzidisha huja kwa hatua za milimita 0.25, kwa hiyo nunua pistoni kwanza, kisha umpelekee mchongaji aifuate hiyo. Nimeona silinda iliyochongwa kwanza ikakaa mwaka mzima ikingoja pistoni ya kipimo kisichopatikana. Gasketi usizirudishe za zamani. Na klipu za pini za pistoni ziwe mpya daima. Ni kitu cha bei ndogo kinachoweza kuichana silinda nzima.

Moshi na kelele ni kawaida?

Moshi mwembamba wa buluu wakati wa kuwasha, ndiyo. Wingu linalokufuata mpaka msikitini, hapana. Kelele nyingi hutoka kwenye sufi ya ekzosi iliyoungua, ibadilishe. Kutoboa ekzosi hakuongezi nguvu. Umbo la ekzosi ya tustroku limepimwa ili mawimbi ya moshi yarudishe petroli iliyotaka kutoroka. Ukilitoboa, umepunguza nguvu na kuongeza matusi. Tena wakati wa tarawehe naisukuma mpaka nje ya mtaa ndipo niiwashe.

Nibebe nini safarini?

Plagi mbili na spana yake, oili iliyopimwa tayari kwenye chupa ndogo, tyubu, viraka, pampu, bisibisi, koleo, kipande cha waya, kiungo cha mnyororo. Maji ya kunywa. Helmeti kichwani, si kwenye kiwiko, na viatu vinavyofunika kifundo. Kiki ya tustroku ikirudi nyuma kwenye ndara utakumbuka maneno haya. Leseni na bima pia, kwani hata njia ya shamba mwishowe huingia barabarani.

Nasafiri Unguja mwezi mzima. Niiacheje?

Funga koki, iwashe iungue mpaka kabureta ikauke yenyewe. Toa plagi, tia mililita 5 za oili ya tustroku tunduni, piga kiki taratibu mara tatu, rudisha plagi. Ziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa, nyigu hawana adabu. Tangi la chuma lijae, ili pasibaki nafasi ya unyevu na kutu. Ifunike kwa jamvi kuukuu au shuka, usiifunike kwa nailoni, inatoa jasho kwa ndani.